Kabla ya Kununua ETF, Fungua Mfuko Uone Kilichomo

Mahindi ya Kitale yakishavunwa na kuuzwa, kati ya Novemba na Januari, pesa nyingi hukaa kwenye simu kwa muda. Karo bado wiki chache, mbolea na mbegu hazijaanza kununuliwa, na mwenye pesa anaangalia salio lake akijiuliza kama kuna njia ya kulifanya lizae. Upande wa Bungoma ni hivyo hivyo, ila huko kalenda inachanganyika na malipo ya miwa, ambayo kila mkulima anajua huja yanapotaka yenyewe. Huu ndio msimu ambao maswali ya uwekezaji huongezeka, na kuna moja ambalo limekuwa likijirudia: "Hii ETF ninayosikia watu wakitaja, naweza kuweka hapo pesa yangu ya mahindi?"

Jibu letu fupi: inategemea ni ETF gani, na inategemea pesa hiyo utaihitaji lini. Jibu refu ndilo linalofuata. Hatukuuzii mfuko wowote hapa. Tunachotaka ni uweze kuufungua mfuko wowote utakaoletewa, uone vilivyomo, na ujue kama bei unayoitishwa inalingana na mali iliyo ndani.

Mfuko unaouzwa sokoni

ETF ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Watu wengi wanaweka pesa, pesa hizo zinanunua mali fulani, na kila mtu anamiliki vipande vya mfuko kulingana na alichoweka. Mpaka hapo hauna tofauti kubwa na ile mifuko ya soko la pesa ambayo wengi wenu mnaitumia kwenye simu. Tofauti inaanzia kwenye kuingia na kutoka. Kwenye mfuko wa soko la pesa unamtumia pesa mwenye mfuko, na ukitaka kutoka anakurudishia yeye mwenyewe. Kwenye ETF unanunua kipande kutoka kwa mtu mwingine ndani ya soko la hisa, kupitia broka, na ukitaka kutoka lazima apatikane mtu wa kununua. Shika hiyo tofauti, tutairudia, maana ndiyo inayowachoma watu.

Kenya ilipata ETF ya kwanza Machi 2017, wakati Soko la Hisa la Nairobi, NSE, lilipoorodhesha NewGold, mfuko kutoka Afrika Kusini unaoshikilia dhahabu. Mwezi huo huo serikali ilizindua M-Akiba, dhamana ya kununuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Ulikuwa mwezi wa mambo mapya Nairobi. Huku kwetu jambo jipya la msimu huo lilikuwa viwavijeshi, waliovamia mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma wakati mimea ikiwa bado michanga, na sidhani kuna mkulima aliyekuwa na nafasi ya kuwaza dhahabu. Lakini kama tutakavyoona, viwavi hao na dhahabu hiyo vinahusiana kuliko unavyodhani.

Mwaka 2025 NSE ikaongeza mfuko mwingine, Satrix MSCI World, nao pia kutoka Afrika Kusini. Huu haushiki dhahabu. Unashika hisa za kampuni. Mifuko hii miwili ni mifano mizuri ya kujifunzia kwa sababu haifanani hata kidogo, ingawa yote inaitwa ETF. Mtu akikuambia "nunua ETF" bila kusema ipi, ni kama amekuambia nenda sokoni Chwele ununue gunia. Gunia la nini?

Kilichomo

Kila mfuko halali unatangaza mali zake. Si siri, na huhitaji kujuana na mtu. Mwenye mfuko huchapisha karatasi ya taarifa inayoonyesha mfuko unashika nini, kwa kiasi gani, na ada ni ngapi. Ukiuliza karatasi hiyo ukaanza kuzungushwa, mazungumzo yaishe hapo.

NewGold ni rahisi kusoma: kitu kimoja tu. Dhahabu halisi iliyowekwa kwenye hifadhi, na kila kipande kilianza kikiwakilisha karibu sehemu moja ya mia ya aunsi. Tunasema "kilianza" kwa sababu ada za kuendesha mfuko hulipwa kutokana na dhahabu hiyo hiyo, kwa hiyo kiasi kilicho ndani ya kipande hupungua polepole mwaka baada ya mwaka. Ni kama posho mill inayobakisha gorogoro moja kwa kila gunia kama malipo. Huioni ikichukuliwa, lakini unga unaorudi nao nyumbani ni pungufu kidogo.

Satrix MSCI World ni mfuko ndani ya mfuko. Pesa yako inanunua kipande cha mfuko wa Afrika Kusini, mfuko huo unanunua vipande vya mfuko mwingine mkubwa zaidi wa ng'ambo, na huo mkubwa ndio unaonunua hisa za kampuni zenyewe. Hakuna ubaya katika hilo, mifuko mingi duniani imejengwa hivyo. Ila kila tabaka lina ada yake, kwa hiyo swali la kuuliza ni jumla ya ada zote, siyo ada ya tabaka la juu pekee.

Ndani kabisa kuna hisa za kampuni zaidi ya 1,300, zilizochaguliwa kwa kufuata orodha inayotengenezwa na kampuni ya MSCI. Orodha hiyo inaitwa "World", yaani dunia, na hapa ndipo jina linapoweza kukudanganya bila mtu kusema uongo wowote. Dunia hiyo ni nchi 23 zilizoendelea kiuchumi. Uchina haimo. India haimo. Afrika Kusini yenyewe, inakotoka Satrix, haimo. Kenya haimo. Na katika hizo 23, Marekani peke yake inabeba karibu asilimia 70 ya mfuko. Kampuni kumi za kwanza, zikiwemo Nvidia, Microsoft na Apple, zinabeba karibu robo nzima.

Kwa hiyo kati ya kila shilingi 100 unazoweka, karibu 70 ziko Marekani, na karibu 25 ziko kwenye kampuni kumi unazoweza kuzihesabu kwa vidole. Huenda hicho ndicho unachotaka. Lakini ukijua, unanunua ukiwa macho. Wengi wanasikia "kampuni 1,300" na kudhani pesa imegawanywa sawa kwa sawa. Haigawanywi hivyo. Kampuni kubwa inapata fungu kubwa, na zile za chini mkiani zinapata senti.

Mashamba matano, mvua moja

Kutawanya hatari ni neno ambalo kila muuzaji wa mifuko hulitumia, na hulifanya lionekane ni suala la idadi. Sisi tunaona ni suala la tofauti.

Mchukue mkulima mwenye ekari kumi, zimegawanyika mashamba matano: moja Kiminini, moja Endebess, moja Kwanza, mengine mawili njia ya Cherangani. Zote amepanda mahindi, tena mbegu ile ile ya 614. Ana mashamba matano, sawa. Lakini mvua ikichelewa, inachelewa kote. Viwavijeshi wakija, wanakula kote. Bei ya gunia ikianguka wakati wa mavuno, inaanguka kwa magunia yote siku moja. Amezidisha mashamba bila kutawanya hatari. Jirani yake mwenye ekari nne, ambaye ana mahindi, ng'ombe wawili wa maziwa na chumba kimoja cha kupangisha mjini Kitale, ana vitu vichache zaidi, lakini havianguki pamoja.

Ndiyo maana tulisema viwavi na dhahabu vinahusiana. Ukiitazama NewGold yenyewe, haijatawanya chochote, ni kitu kimoja. Lakini kwa mtu ambaye maisha yake yote yako kwenye mahindi, kitu kimoja kisichojali mvua ya Kitale kinaweza kutawanya hatari yake kuliko mfuko wenye vitu mia. Usiulize tu kama mfuko umetawanywa. Uliza umetawanywa ukilinganisha na nini ulicho nacho tayari. Mwalimu wa Bungoma ambaye mshahara unalipwa na serikali na akiba yote iko kwenye dhamana za serikali ana hesabu tofauti na mkulima wa Trans Nzoia, hata wakinunua kipande kile kile siku ile ile.

Eneo letu lina somo la gharama kubwa kuhusu hili. Mwaka 2001 hisa za Mumias Sugar ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 6.25. Kiwanda kilikuwa kikichukua miwa hata kutoka mashamba ya Bungoma, na wakulima wengi waliona ni jambo la busara kununua hisa za kampuni wanayoijua. Miwa inaenda Mumias, malipo yanatoka Mumias, sasa na akiba iko Mumias. Miaka ya mwanzo ilipendeza. Kisha matatizo yakaja, na ilipofika Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya meneja wa urasimu aliyeteuliwa na benki inayoidai. Biashara ya hisa zake ikasimamishwa zikiwa zimeshuka hadi senti tu. Mkulima aliyekuwa na miwa, malipo na hisa mahali pamoja alipigwa mara tatu na fimbo moja.

Webuye wanaelewa bila kuelezwa. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa 2009, hawakuumia wafanyakazi pekee. Mwenye nyumba za kupanga, mama wa chakula, mwenye duka na boda boda, wote walikuwa na biashara tofauti kwa jina, lakini mteja wao alikuwa mmoja.

Na usifikiri soko la Nairobi limepona ugonjwa huu. Safaricom kwa nyakati fulani imekuwa zaidi ya nusu ya thamani ya NSE nzima. Mfuko ambao ungenunua kampuni zote za NSE kulingana na ukubwa wao ungekuwa na majina mengi kwenye karatasi, huku nusu ya pesa yako ikiwa kwenye kampuni moja. Hisa hiyo iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008, ikashuka chini ya 3 mwaka uliofuata, ikapita 40 mwaka 2021, na 2023 ikawa chini ya 15. Mfuko wa namna hiyo ungepanda na kushuka nayo, hata ukiwa na kampuni sitini. Kwa hiyo unapofungua karatasi ya mfuko, usianze na idadi. Angalia kumi za kwanza zinabeba asilimia ngapi, na kubwa kuliko zote inabeba ngapi.

Thamani ni nini, na bei ni nini

Hapa ndipo panapohitaji kalamu. Tuseme chama cha watu ishirini pale Kiminini wana magunia 100 ya mahindi ghalani. Bei ya leo ni shilingi 3,500 kwa gunia, kwa hiyo mahindi ni 350,000. Kwenye simu ya chama kuna 50,000. Wanadaiwa 40,000 na duka la agrovet. Jumlisha mali, ondoa deni, unapata 360,000. Gawa kwa ishirini: fungu la kila mmoja lina thamani ya 18,000. Wiki ijayo bei ya gunia ikishuka hadi 3,000, hesabu inakuwa 310,000, na fungu ni 15,500. Hakuna aliyeiba na hakuna gunia lililopotea. Thamani imefuata kilichomo.

Thamani halisi ya kipande cha ETF inapatikana hivyo hivyo kabisa: mali zote kwa bei za siku hiyo, ondoa madeni na ada, gawa kwa idadi ya vipande. Mwenye mfuko hukokotoa na kutangaza.

Sasa, mwanachama mmoja ana mgonjwa hospitali na anataka kuuza fungu lake leo jioni. Mnunuzi aliyepo anampa 13,000. Thamani ni 15,500, bei ni 13,000. Vyote viwili ni vya kweli. Thamani inatokana na ghala. Bei inatokana na nani yupo, ana haraka kiasi gani, na mwenzake anajua kiasi gani. Kwenye masoko yenye shughuli nyingi, kuna taasisi kubwa zinazoruhusiwa kubadilishana mali na mfuko, dhahabu kwa vipande au vipande kwa dhahabu, na hizo ndizo huziba pengo likianza kuonekana, kwa sababu kuna faida ndani yake. Soko likiwa na watu wachache, pengo linaweza kukaa.

NewGold ya Nairobi kwa miaka mingi imekuwa na wanunuzi wachache. Kwa hiyo bei unayoiona kwenye orodha ya NSE inaweza kuwa ni ya mara ya mwisho mtu aliponunua, na mara ya mwisho inaweza kuwa zamani kidogo. Dhahabu ya dunia haikusubiri. Uzuri ni kwamba hesabu ya dhahabu unaweza kuifanya mwenyewe kwa simu ya kawaida. Chukua bei ya aunsi kwa dola, gawa kwa mia, zidisha kwa bei ya dola kwa shilingi. Oktoba 2025 aunsi ilifika dola 4,000, na dola ilikuwa karibu shilingi 129. Elfu nne gawa kwa mia ni 40, mara 129 ni shilingi 5,160. Hiyo ichukue kama dari, kwa kuwa ada zimeshapunguza dhahabu iliyomo. Mtu akikuuzia kipande kwa 5,900 siku kama hiyo, umemlipa angalau shilingi 740 zaidi ya dhahabu unayopata, zaidi ya asilimia 14, na dhahabu itabidi ipande kiasi hicho ndipo urudi ulipoanzia. Kinyume chake, kipande kikiwa kinauzwa chini sana ya thamani, usikimbilie kushangilia. Jiulize kama na wewe siku ya kuuza hutakutana na bei ya namna hiyo.

Kuna kitu kingine kwenye hiyo hesabu ambacho wengi hukiruka: shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 aunsi ilikuwa karibu dola 2,030, na dola ikauzwa karibu shilingi 160. Mia moja ya aunsi ilikuwa takriban shilingi 3,248. Mwisho wa mwaka huo huo aunsi ilikuwa imefika kama dola 2,620. Redio zote zilitangaza mwaka mzuri wa dhahabu, na ni kweli, ilipanda karibu asilimia 29. Lakini dola ilikuwa imeshuka hadi 129. Fanya hesabu: 26.20 mara 129 ni shilingi 3,380. Kwa mtu anayehesabu kwa shilingi, dhahabu ilipanda karibu asilimia 4. Pengine hata ada za broka zilikula sehemu ya hiyo. Mfuko wowote wenye mali za ng'ambo, ukiwemo ule wa hisa za dunia, unakupa vitu viwili kwa pamoja: mali yenyewe na safari ya shilingi. Shilingi ikidhoofika unafaidi, ikipata nguvu unalipa.

Na kwa wale wanaosema dhahabu haishuki, mwaka 2011 aunsi ilikuwa karibu dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa karibu 1,050. Mtu aliyenunua kileleni alisubiri hadi 2020 kuiona bei hiyo tena, na katika miaka yote hiyo dhahabu haikumlipa hata senti ya gawio. Dhahabu haizai. Inakaa.

Hisa zinazaa, na ndiyo maana mfuko wa hisa una kipimo kingine juu ya hicho cha thamani ya ghala. Tuseme kuna posho mill Chwele inayobakisha faida ya shilingi 80,000 kwa mwaka baada ya stima, mshahara na matengenezo. Mwenyewe anaiuza 800,000. Umelipa mara kumi ya faida ya mwaka. Akiitisha 1,600,000 kwa mashine ile ile na faida ile ile, ni mara ishirini. Mashine haijabadilika, matumaini ndiyo yamepanda bei. Wa kulipa mara ishirini ni yule anayeamini wateja wataongezeka sana.

Mfuko wa hisa hupimwa hivyo kwa kampuni zake zote kwa pamoja. Kwa 2025, kampuni za orodha ya MSCI World kwa jumla zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya mara ishirini ya faida zao, wakati hisa za benki nyingi pale NSE kwa miaka ya karibuni zimekuwa chini ya mara kumi. Hiyo haimaanishi moja ni rahisi na nyingine ni ghali, hapana. Wanunuzi wa zile za kwanza wanalipia ukuaji wanaoutarajia, na ukuaji usipokuja, bei hurudi chini kwa kishindo. Wa zile za pili wanaona hatari fulani na hawataki kulipa zaidi. Hata Mumias siku za mwisho ilionekana rahisi. Kipimo hiki kinakuambia ni matumaini kiasi gani yamo ndani ya bei. Kama matumaini hayo yana msingi, hiyo ni kazi yako.

Pesa ya lini?

Turudi kwenye lile salio la Desemba. Kama pesa hiyo ni karo ya Januari, au ni mbolea na mbegu za Machi, maoni yetu ni kwamba haina kazi ndani ya ETF, hata mfuko uwe mzuri namna gani. Miezi mitatu ni michache. Dhahabu inaweza kushuka, hisa zinaweza kushuka, shilingi inaweza kupata nguvu, na mnunuzi wa kipande chako anaweza asipatikane siku unayomhitaji isipokuwa kwa bei ya hasara. Juu ya hayo, broka na soko wanakata ada ukinunua na tena ukiuza. Tuseme ni shilingi 2 kwa kila 100 kila upande. Mfuko unatakiwa upande zaidi ya asilimia 4 ndani ya miezi mitatu ili tu usipate hasara. Pesa ya namna hiyo iache mahali unapoweza kuitoa leo.

Ile inayobaki baada ya karo, pembejeo na kidogo cha dharura, ambayo unaweza kuisahau miaka mitano au zaidi, hiyo ndiyo ya kuifikiria. Na kwa wengi wetu huku ni ndogo kuliko tunavyopenda kukiri. Hakuna aibu kuanza na kipande kimoja au viwili ili ujifunze jinsi karatasi inavyosomwa.

Njia halali inapita hapa: unafungua akaunti ya CDS kwa jina lako kupitia broka mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya Mamlaka. Vipande ukivinunua vinaandikwa kwenye hifadhi kuu kwa jina lako, siyo kwa jina la broka wala la admin wa grupu la WhatsApp, na unaweza kuomba taarifa yake wakati wowote. Simu inaingia mahali pa malipo tu.

Tunalisema hili kwa sababu jina "ETF" limeshaanza kutumiwa na watu ambao hawana mfuko wowote. Ujumbe unakuja na picha ya dhahabu, unaahidi asilimia 30 kwa mwezi, na unaomba utume kwa namba fulani "kabla nafasi hazijaisha". Fanya hesabu ya ahadi hiyo. Shilingi 10,000 zikikua kwa asilimia 30 kila mwezi, baada ya mwaka ni zaidi ya 232,000. Baada ya miaka mitatu ni zaidi ya milioni 126. Mwenye mashine kama hiyo ana haja gani na elfu kumi yako? Tumeshaonyesha dhahabu halisi ilivyotembea mwaka wa 2024. Hakuna mfuko wa dhahabu unaoweza kutoa zaidi ya dhahabu iliyomo.

Muulize maswali mawili: mfuko unashika nini kwa asilimia ngapi, na thamani ya kipande jana ilikuwa kiasi gani. Mwenye mfuko halali atakutumia karatasi. Tapeli atakutumia picha ya mtu aliyenunua gari.

Na ukifika hatua ya kulipa, kabla malipo hayajakamilika, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome lote, polepole. Liwe jina la kampuni ya broka uliyemthibitisha kwenye orodha ya CMA, herufi kwa herufi. Likiwa jina la mtu binafsi, hata kama ni la jirani unayemwamini anayesema "nitakununulia kwa akaunti yangu", bonyeza ghairi. Vipande vitakuwa vyake kisheria, na siku mkikosana au akifariki, utakuwa unadai kitu ambacho jina lako haliko. Ukiwa umeshatuma kimakosa, piga simu huduma kwa wateja hapo hapo kabla pesa haijatolewa, ukiwa na namba ya muamala mkononi. Dakika za kwanza ndizo zenye nafasi.